Kutoka asilimia 3 mpaka Ikulu ya Colombo: wale jamaa walipandaje?

Kila mtu aliandika kuhusu Anura Kumara Dissanayake baada ya kushinda urais wa Sri Lanka Septemba 2024. Makala kibao, "Mmarx kachukua nchi", picha yake na zile ndevu, basi. Mimi kinachonivutia ni ile miaka miwili kabla, kipindi ambacho namba zake zinapanda taratibu na watu wazima na akili zao wanasema aah, hizo kelele za mitandaoni tu, siku ya kura watu watarudi kwa wakubwa zao. Waliorudi hawakutosha.

Tuanze na namba maana bila namba hii stori haina ladha. Novemba 2019, uchaguzi wa rais: Gotabaya Rajapaksa asilimia 52, Sajith Premadasa karibu 42, Anura wa tatu na asilimia 3 na kidogo. Agosti 2020, uchaguzi wa bunge: viti viko 225, muungano wake unaoitwa NPP ukaambulia 3. Wabunge wote wa chama wanaenea kwenye bajaji moja.

Nchi ilivyoanguka wengi mnaikumbuka so sirefushi. Mwisho wa 2019 serikali mpya ikakata kodi, VAT ikashushwa kutoka 15 mpaka 8, mapato yakapotea, ikaja korona watalii wakakauka, alafu 2021 rais akaamka akapiga marufuku mbolea za kisasa kuingia nchini, wakulima wakabaki wameshika kichwa, mchele na chai vikashuka, mpaka anageuza uamuzi mwezi wa 11 msimu ushaharibika. Aprili 2022 wakatangaza hawawezi kulipa madeni ya nje, mara ya kwanza tangu uhuru wa 1948. Umeme ukawa unakatika mpaka masaa 13 kwa siku, foleni za petroli watu wanalala kwenye magari na wengine wakafia humo humo, na kitu ambacho mimi hakinitoki kichwani, mitihani ya muhula ya wanafunzi mkoa wa Magharibi iliahirishwa kwa sababu hakuna karatasi. Sio mgomo, sio ugonjwa. Karatasi za kuchapia mtihani hazipo, dola za kuagizia hazipo.

Watu wakaingia barabarani, wakapiga kambi Galle Face pale baharini Colombo miezi kadhaa, Julai 9 wakaingia Ikulu wakaogelea kwenye swimingipuli ya rais dunia nzima ikaona. Gotabaya akakimbilia Maldives, akaenda Singapore, akajiuzulu akiwa huko huko.

Sasa hapa ndo nataka mtulie. Julai 20, 2022 bunge linachagua rais wa kumalizia muda. Wagombea watatu. Ranil Wickremesinghe, mwanasiasa wa siku nyingi, waziri mkuu mara sita, ambaye 2020 alipoteza kiti chake mwenyewe na chama chake kizima kikabaki na kiti kimoja cha orodha ya taifa, akakikalia yeye. Dullas Alahapperuma, mtu wa chama cha Rajapaksa aliyejitenga. Na Anura. Wabunge wanapita mmoja mmoja kutumbukiza karatasi, kura zinahesabiwa: Ranil 134, Dullas 82, Anura 3.

Tatu! Idadi ile ile ya wabunge wao, hakuna hata mmoja wa nje aliyewaongezea. Siku ile ukisema huyu ndo rais ajaye ungepelekwa kupimwa. Lakini mimi naona mlima ulianza kupandwa palepale, maana mwananchi aliyekuwa barabarani wiki mbili nyuma kaona kwa macho yake kwamba wale wabunge wa Rajapaksa aliowafukuza mlangoni wamemchagua Ranil ili wao warudi dirishani. Wote walikuwa ndani ya lile dili kwa namna moja au nyingine, au walikuwa wanajadiliana waingieje. Watatu tu hawakuwa na cha kugawana. Uchache wao, ambao miaka yote ulikuwa aibu, ukageuka kuwa cheti cha usafi.

Ila usafi peke yake haujazi masanduku. Kulikuwa na wengine wasafi pia, na hapa ndo napishana na wanaosema "hasira za vijana zilimpa Anura urais". Waulize Frontline Socialist Party. Hawa walijitenga na JVP, chama cha Anura ambacho ndo kiini cha NPP, mwaka 2012 kwa sababu waliona JVP imelegea, na kwenye maandamano ya 2022 wao na wanafunzi wa vyuo walikuwa mstari wa mbele kuliko JVP, wamekula mabomu ya machozi, wamekamatwa. 2024 upande wao ukasimamisha mgombea wao wa urais. Hata asilimia 1 hakuifikia, hata nusu yake. Hasira ile ile, barabara zile zile, na kwa kweli wao walikuwa wakali zaidi. Kura zikaenda kwa wenye matawi.

JVP wana matawi, hilo tu. Hiki ni chama cha makada wa kweli kweli, wa kusoma, wa kuhudhuria vikao, wa kutoa sehemu ya kipato, wabunge wao mishahara inaingia kwenye mfuko wa chama. Ukienda kijijini utamkuta mwalimu mmoja, karani mmoja wa reli, fundi mmoja, wamekuwepo miaka 20 wanabandika mabango yasiyoleta kitu. Miaka yote wanachekwa kwamba mikutano yao inajaa na kura haziji. Na ilikuwa kweli. Hasira ilipokuja ikakuta mtu anayejulikana kwa jina, ana daftari, ana viti vya plastiki vya kukalia. Hao jamaa wakaanza kuita mikutano ya makundi, sio ile ya hadhara tu, wilaya kwa wilaya: mikutano ya wanawake peke yao, ya wanajeshi wastaafu peke yao (subiri nikueleze kwa nini hiyo ni ajabu), polisi wastaafu, wakulima, walimu, wasanii. Anura mwenyewe akawa anapanda ndege kwenda kwa Wasri Lanka wa nje, Toronto ukumbi ukajaa.

Wanajeshi wastaafu sasa. JVP ilianzishwa 1965 na Rohana Wijeweera, jamaa aliyekuwa amesomea Moscow, na Aprili 1971 wakavamia vituo vya polisi nchi nzima kwa mpigo wakitaka kuchukua serikali. Wakapondwa. 1987 mpaka 1989 wakarudia, safari hii damu ilimwagika vibaya sana, wao wakiua wanasiasa, wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi na hata wa kushoto wenzao, jeshi na vikosi vya usiku nao wakiua vijana ovyo na kuwachoma kwenye matairi barabarani, jumla ni makumi ya maelfu ya watu. Wijeweera alikamatwa akauawa Novemba 1989. Kwa hiyo mzee yeyote wa miaka 60 Sri Lanka ana picha yake kichwani kuhusu hiki chama na sio nzuri. Askari wa zamani kukaa ukumbi mmoja na JVP wanakunywa chai, hiyo ni kazi kubwa sana ya kisiasa na haikufanyika kwa TikTok. Anura alipochukua uongozi 2014 aliomba radhi hadharani kwa yale mauaji, wengine ndani hawakupenda, na tangu hapo akawa anajenga NPP kama nyumba mpya mbele ya nyumba ya zamani. Alama ya JVP kwenye karatasi ya kura ni kengele, ya NPP ni dira. Kengele ikawekwa kabatini. Mbele wakasimama watu kama Harini Amarasuriya, mhadhiri wa chuo, msomi wa masuala ya jamii, ambaye hata ukimtafuta kwenye historia ya bunduki humuoni.

Niseme kidogo kuhusu wapinzani wake maana bila hao picha haikamiliki, na hapa mimi ndo hunoga. Kila ukoo mkubwa wa siasa Sri Lanka una kesi na JVP. Sirimavo Bandaranaike ndo aliwaponda 1971. J.R. Jayewardene akawapiga marufuku 1983. Ranasinghe Premadasa alikuwa rais Wijeweera anapouawa. Binti wa Sirimavo, Chandrika Kumaratunga, mumewe aliuawa 1988 na JVP ndo waliolaumiwa, na yeye huyo huyo 2004 akaunda nao serikali, Anura akawa waziri wa kilimo kwa mwaka hivi, kabla hawajajitoa. 2005 wakampigia debe Mahinda Rajapaksa akashinda urais, wakaja kugombana naye pia.

Sasa angalia karatasi ya 2024. Ranil ni mpwa wa Jayewardene. Sajith ni mtoto wa Premadasa. Namal ni mtoto wa Mahinda. Na huyu wa nne kazaliwa 1968, baba yake kibarua, kakulia Thambuttegama huko Anuradhapura kwenye mashamba ya mpunga, kasoma sayansi chuo kikuu cha Kelaniya. Mtunzi wa tamthilia angepanga hivyo mngesema kazidisha chumvi. Anura hakuhitaji hata kusema sana, alikuwa anasimama tu karibu nao. Neno "familia" kwenye kampeni za NPP lilikuwa linafanya kazi kuliko neno "ujamaa", ambalo kwa kweli ukipitia ilani yao inabidi ulitafute kwa tochi.

Serikali nayo ikamsaidia bila kujua. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulitakiwa ufanyike Machi 2023, tarehe imepangwa, wagombea wamejaza fomu, serikali ikasema hazina haina hela. Kila mtu alielewa wanaogopa nini. Sasa ukimnyima mtu kura haimaanishi kaisahau, anaiweka tu. Na Agosti 2024, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuahirisha kule kulivunja haki za wananchi, na Ranil kama waziri wa fedha alihusika. Zawadi kama hiyo huwezi kuinunua.

Ranil kwa upande wake alikuwa na hoja na sio ya kupuuza. Foleni ziliisha. Petroli ilirudi, kwanza kwa mgao wa QR kila gari na lita zake za wiki, baadaye kawaida. IMF walipitisha mkopo wa karibu dola bilioni 3 Machi 2023, mfumuko wa bei uliokuwa umegusa asilimia 70 ukashuka chini kabisa. Wachumi wengi walimsifia na wakashangaa kwa nini hapandi. Lakini mtu wa kawaida bei haikurudi pale ilipokuwa, iliacha tu kukimbia. Bili ya umeme ilikuwa imepandishwa vibaya mara mbili ndani ya miezi michache, VAT ikapelekwa 18 Januari 2024, na Benki ya Dunia yenyewe ikasema karibu robo ya watu wako chini ya mstari wa umaskini, mara mbili hivi ya kabla. Na walioiba, kwa hesabu ya mwananchi, hakuna aliyefungwa, wengine wamekaa viti vya nyuma yake Ranil bungeni. Unamwambia mama anayelipa bili mara mbili kwamba viashiria vimetulia, atakuangalia tu.

Kura za maoni zilikuwepo lakini chache. Kulikuwa na ile ya Institute for Health Policy, taasisi ya utafiti ya Colombo, na kwenye 2023 ilikuwa inamuonyesha Anura mbele. Katikati ya 2024 pengo likaanza kucheza, mara Sajith juu mara Anura, na hapo wale wa "watarudi kwa wakubwa" wakapumua. Mimi nilikuwa naangalia zaidi kitu kingine: wageni. Februari 2024 serikali ya India ilimwalika Anura rasmi, akaenda Delhi akakutana na waziri wa mambo ya nje Jaishankar na mshauri wa usalama Doval. India! JVP ya zamani ilikuwa na madarasa matano ya kumfundisha mwanachama mpya, na moja zima lilikuwa kuhusu ubeberu wa India. Delhi hawaaliki mtu wa asilimia 3 kunywa chai. Walishaona.

Doa ambalo mashabiki wa NPP huwa wanaruka haraka ni Watamil, jamii ya wachache iliyo wengi huko Kaskazini na Mashariki. JVP ilipinga mapatano ya kusimamisha vita kati ya serikali na waasi wa Kitamil yaliyosimamiwa na Norway, ikaenda mahakamani mpaka 2006 ikaamriwa mikoa ya Kaskazini na Mashariki itenganishwe, ikaunga mkono vita vimalizwe kwa bunduki. Kwa hiyo wimbi lote hili unalolisikia, ukifika Jaffna, mji wa Watamil kaskazini, linakuwa maji ya kifundo cha mguu. Septemba 2024 Anura pale hakufika asilimia 10. Ajabu yake, miezi miwili baadaye kwenye uchaguzi wa bunge NPP ikaongoza Jaffna hiyo hiyo, ikachukua viti 3 kati ya 6. Wengine wanasema Watamil wamesamehe, mimi naona walikuwa wamechoka na vyama vyao wenyewe vilivyogawanyika vipande vipande, na rais alikuwa keshapatikana, bora uwe na mtu serikalini. Kupanda kwa chama kuna sehemu inaletwa na imani na kuna sehemu inaletwa na ushindi wenyewe, watu hupenda kuwa karibu na jiko.

Basi Septemba 21. Wagombea 38 (walikuwa 39, mmoja alifariki), karatasi ya kura ndefu kama risiti ya harusi ya mjini. Utaratibu wao ni mzuri, unaweza kuandika 1, 2, 3 kwa mpangilio wa unaowapenda, na kama hakuna aliyevuka nusu, wanabaki wawili wa juu na zile karatasi za walioanguka zinafunguliwa tena kuangalia namba 2 na 3 walimpa nani. Tangu 1982 haijawahi kufikia huko. Safari hii ikafika. Anura asilimia 42, Sajith karibu 33, Ranil 17, Namal hata 3 hakufikisha. Watu wengi walikuwa wameweka alama moja tu wakaenda zao, kwa hiyo hesabu ya pili haikubadilisha kitu, Anura kura milioni 5.7, Sajith 4.5.

Narudia, 42. Asilimia 58 walimpa mtu mwingine. Wale waliosema watu watarudi kwa wakubwa hawakuwa wajinga sana, walirudi kweli, ila wakubwa walikuwa wawili na kura zikapasuka katikati. Sajith alitoka chama cha Ranil 2020 akabeba karibu kila mtu, wakashindwa kupatana mpaka siku ya mwisho kila mmoja akimwambia mwenzake jitoe wewe. Ukizijumlisha kura zao wawili unapata 50. Sisemi zote zingeenda sehemu moja, siasa sio kikokotoo, ila nguvu ya NPP ilikuwa kubwa na bahati yake pia ilikuwa kubwa na sioni aibu kuyasema yote mawili.

Kuhusu suala la kama hiki bado ni chama cha kushoto, ndo naliacha mwisho maana ndo gumu. Miaka ya nyuma JVP ukiwatajia IMF wanakutajia wakoloni. Kadri namba zilivyopanda lugha ikashuka: kwanza tutaukataa mkataba, alafu tutaujadili upya, na ilani ya Agosti 2024 ikasema watabaki kwenye programu ila wataongea masharti, watapandisha kiwango cha mshahara kinachoanza kukatwa kodi, wataondoa VAT kwenye chakula na dawa na vifaa vya shule, watashusha umeme. Wafanyabiashara wa Colombo wakaanza kwenda kwenye vikao vyake, wakatoka wanasema mbona ni mtu wa kawaida. Kuna makada wa zamani walikunja sura. Mimi nadhani hiyo ndo ilikuwa bei ya kutoka 3 kwenda 42, na aliilipa mapema, kabla ya kura, hadharani, kwa hiyo anayesema kasaliti baada ya kuingia hakuwa anasikiliza. Bajeti yao ya kwanza ilisomwa Februari 2025 na Anura mwenyewe, maana wizara ya fedha aliishika yeye, na lile lengo la mapato ya serikali kuzidi matumizi kwa asilimia 2.3 ya pato la taifa kabla ya kulipa riba, ambalo IMF waliliweka enzi za Ranil, lilikuwemo vile vile halijaguswa.